Usalama Kazini (3): Diski Kubwa, Grenda Ndogo

Wiki mbili zilizopita tulikuwa viwandani. Leo tuingie kwa fundi wa mageti: kibanda cha mabati, fundi mmoja, vijana wawili, na geti la mteja limelazwa kando ya barabara. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamgusa fundi huyu kama inavyowagusa wenye viwanda, ila hana ofisa wa usalama wala muda wa kusoma vifungu. Pale sheria ni mkono wake. Analofanya yeye asubuhi, kijana atalifanya jioni.

Tazama grenda. Ile ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka takribani mara 11,000 kwa dakika. Fundi akitaka kukata chuma kinene, anafungua kifuniko cha kinga na kufunga diski ya inchi saba. Tundu la katikati ni lilelile, hivyo inakaa vizuri na anaona ameokoa fedha. Lakini diski hiyo imeandikwa mwisho wake: mizunguko 8,500. Mwendo umepita kiasi kwa chini ya theluthi, ila nguvu inayoivuta diski ipasuke imepanda kwa zaidi ya nusu. Ikipasuka, vipande vinaruka kwa mwendo unaoshinda gari lolote barabarani, na kifuniko ambacho kingevizuia kipo chini ya benchi. Nawasihi mafundi: someni ile pete ya chuma katikati ya diski. Mara nyingi ina tarehe ya mwisho pia, kwa sababu gundi inayoshika punje huzeeka, hasa ikilowa.

Macho nayo. Mwanga wa kuchomelea hauumi pale pale. Fundi anarudi nyumbani mzima, na usiku anaamka macho yanawaka kama yametiwa mchanga. Miwani ya jua haitoshi. Pembeni iko wazi, na giza lake si la kazi hii. Kioo cha kuchomelea huwa na namba, na kwa mageti hutumika 10 au 11. Watoto wanaosimama kutazama cheche hawana hata hiyo miwani. Pazia la turubai lingewatosha.

Jambo linalonisumbua zaidi ni homa. Bomba lililopakwa zinki likichomwa hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta huweza, saa chache baadaye, kupata baridi, kutetemeka, kuumwa viungo na kukohoa. Nani hapa kwetu asingesema ni malaria? Anameza dawa bila kupima, na kwa kuwa homa hiyo huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, anaamini dawa imemponya. Juma lijalo anarudia moshi uleule. Pima malaria, ndiyo, lakini mwambie mganga wa zahanati ulichomelea nini. Na kabla ya kuchomelea, saga zinki sehemu ya kuungia huku umeziba pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi, kisha simama upande unaotoka upepo, uso usiwe juu ya moshi. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, na moshi umeingia mapafuni.

Wiki ijayo: seremala, vumbi la mbao na msumeno wa meza.