Mafunzo ya Upasuaji Yavuke Ziwa

Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Kagera una watu karibu milioni 3. Mwaka 2015 tume ya upasuaji iliyoundwa na jarida la Lancet ilipendekeza kwamba kila watu 100,000 wawe na mabingwa wasiopungua 20, ukijumlisha wa upasuaji, wa usingizi na wa uzazi. Kwa kipimo hicho Kagera ingehitaji mabingwa 600. Utafiti wa nchi 10 za Afrika Mashariki, Kati na Kusini uliochapishwa 2016 ulikuta bingwa mmoja wa upasuaji kwa takriban watu 190,000. Wangegawanywa sawasawa, Kagera ingepata wapasuaji kama 16. Lakini hawagawanywi sawasawa. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa zaidi ya sita katika kila kumi wanafanya kazi kwenye jiji kuu la biashara la nchi yao. Kwa hiyo kuongeza idadi ya wahitimu, jambo ambalo viongozi hupenda kulitangaza, hakutoshi. Mahali daktari anapojifunzia upasuaji ndipo anapopata mazoea yake ya kazi, na ndiyo maana sehemu ya mafunzo hayo ingefaa kufanyika huko Kagera, Bukoba na Muleba.

Tuanze na mafunzo yenyewe. Daktari husoma chuo miaka 5, hufanya utarajali mwaka 1, na mara nyingi hufanya kazi kwa muda kabla ya kurudi shule. Anayetaka ubingwa wa upasuaji kwa kawaida huenda hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza kwa miaka 3 au 4. Huko yeye ni mwanafunzi anayedaiwa ada na tasnifu, na papo hapo ni mfanyakazi anayepitia wodi alfajiri, anayeona wagonjwa wa kliniki na kushika zamu ya usiku. Thieta ndiyo darasa lake kuu. Mwanzoni anashikilia vyuma vinavyopanua kidonda ili mwenzake aone. Baadaye anaachiwa kushona. Kisha anapasua bingwa akiwa mbele yake mezani. Mwishowe anapasua bingwa akiwa jirani tu, tayari kuitwa. Utaratibu huu wa kukabidhiwa kazi hatua kwa hatua uliwekewa misingi na William Halsted katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, na haujapatiwa mbadala. Kupasua hakujifunzwi kwa kusoma peke yake.

Lakini mwanafunzi hujifunza kwa wagonjwa wanaomfikia. Mgonjwa wa Kagera anayepewa rufaa kwenda Bugando huvuka Ziwa Victoria, au huzunguka kwa barabara kupitia Biharamulo na Geita. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, limeondoa foleni ya kivuko, ila umbali uko palepale. Anayetoka visiwa vya Muleba kama Bumbire au Goziba huhitaji boti kabla ya hayo yote. Madaktari wa Bugando walichapisha 2012 taarifa ya wagonjwa 104 ambao homa ya matumbo ilikuwa imewatoboa utumbo. Zaidi ya mmoja katika kila watano alifariki, na kuchelewa kupasuliwa kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo hivyo. Anayejifunzia hospitali kubwa peke yake huuona ugonjwa huu ukiwa umekwisha kuharibu. Uamuzi mgumu zaidi, ule wa kulifungua tumbo usiku huohuo au kumpandisha mgonjwa gari la wagonjwa, hufanywa kwenye hospitali za Rubya, Ndolage au Bukoba mjini, na yeye hayupo. Ndivyo ilivyokuwa hata tetemeko la ardhi la Kagera la Septemba 10, 2016 lilipojeruhi watu zaidi ya 200, wengi walikimbizwa kwanza hospitali ya mkoa, Bukoba.

Pingamizi la kwanza ni la haki: nani atamsimamia? Mwanafunzi wa ubingwa aliyeachwa peke yake hajifunzi, anabahatisha, na anayelipa ni mgonjwa. Palipo na usimamizi dhaifu asipelekwe. Hata hivyo, Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha, kimetumia hospitali zilizokaguliwa badala ya kutegemea vyuo vikuu pekee, na Tenwek, hospitali ya misheni huko Bomet, Kenya, inafundisha mabingwa mbali kabisa na Nairobi. Basi ianze hospitali ya mkoa Bukoba kwa miezi sita inayohesabiwa katika shahada, kisha Muleba, kila hospitali itakapokuwa na bingwa wa kudumu.

Wengine watasema wilayani hapahitaji bingwa, na wana ushahidi. Tanzania ilianza kuwafunza madaktari wasaidizi mwaka 1963, na utafiti wa Mwanza na Kigoma uliochapishwa 2009 haukuona tofauti ya maana kati yao na madaktari katika matokeo ya upasuaji wa dharura wa uzazi. Naukubali bila kusita. Ila upasuaji wa kumtoa mtoto ni kazi inayorudiwa kwa njia ileile mara nyingi; utumbo uliojinyonga au ini lililopasuka kwa ajali ya bodaboda kila mara huja kivyake. Bingwa anayefundisha hapo hatawaondoa hao, atawaongezea mikono na maarifa. Kambi za mabingwa zinazozungukia halmashauri nazo ni msaada mkubwa kwa ngiri na mabusha yaliyosubiri miaka, lakini kidole tumbo hakisubiri kambi.

Hofu ya kwamba wahitimu watakimbilia Ulaya imekuzwa mno. Utafiti uliofuatilia wapasuaji waliohitimu ukanda huu kati ya 1974 na 2013 ulikuta takriban asilimia 85 wamebaki katika nchi walikosomea. Tatizo letu liko ndani ya mipaka, na miezi sita Bukoba haitamfanya mtu ahamie Kamachumu, wilayani Muleba, kama hakuna nyumba wala damu ya akiba. Wala mpasuaji hafai kitu bila mtu wa usingizi, na watu hao ni adimu kuliko yeye. Mpango wowote wa kuwapeleka wanafunzi wa upasuaji Kagera ungepaswa kuwapeleka na wa usingizi kwa idadi ileile, tena kwa gari moja.