Simu ikilia 'ting', nani hukuamulia?

Hebu sema ukweli. Umeketi kwenye matatu, simu inalia 'ting'. Kabla hata hujajua ni ujumbe wa nani, mkono tayari uko mfukoni, sivyo? Hukuwaza wala hukuamua.

Wanaochunguza tabia hukiita kitu hicho kichocheo: badiliko lolote unalolihisi, liwe sauti, mwanga, harufu au hata njaa tumboni. Unachokifanya kikitokea ndicho mwitikio.

Sasa, vichocheo haviko sawa. Kuna vile ambavyo mwili huviitikia tangu kuzaliwa. Chakula kikiingia mdomoni, mate hutoka bila kufundishwa. Mrusi Ivan Pavlov, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1904, alionyesha kuwa sauti isiyo na maana yoyote kwa mbwa, ikitangulia chakula mara nyingi, mwishowe humtoa mate yenyewe.

Aina nyingine ndiyo iliyonimaliza mimi. Mmarekani B.F. Skinner alimweka panya kwenye kisanduku chenye kijiti. Akikibonyeza, anapata chakula. Kisha ongeza taa: ikiwaka, kubonyeza kunalipa, ikizimwa, hakuna kitu. Punde si punde panya anabonyeza taa ikiwaka tu. Taa haimlazimishi. Inamwambia tu, "saa hii kuna kitu."

'Ting' ndiyo iliyokuwa taa yangu. Kila Jumamosi mchana kampuni moja ya kamari ilinitumia SMS. Mara ya kwanza niliweka soo mbili, nikavuna thao tatu. Nikanasa! Mikeka iliyofuata ikachanika, mmoja ukalipa, mingine ikachanika tena. Utadhani kupoteza kungenichosha. Wapi! Skinner na mwenzake Charles Ferster walieleza jambo hili katika kitabu chao cha 1957: zawadi isiyotabirika humfanya mnyama abonyeze bila kuchoka, na hata ikikoma, huchelewa kukata tamaa.

Mamangu aliuza mbuzi wawili anilipie karo ya muhula wa pili. Pesa hizo ziliishia kwenye simu, wikendi tatu tu. Mpaka leo anaamini niliacha chuo kwa sababu kozi ilinishinda. Mama, ukisoma hapa, basi nimekiri.

Niliapa kuacha mara nyingi, na kila mara 'ting' ikanishinda. Kilichonisaidia ni kuacha kupigana na mkono wangu na kushughulika na taa. Nilizuia zile SMS, nikafuta programu, nikabadilisha mlio wa simu. Jumamosi mchana naiacha nyumbani, naenda kucheza mpira na wasee wa mtaa.

Sijapona kabisa, usidanganyike. Juzi simu ya abiria jirani ililia mlio unaokaribiana na ule wa zamani, mkono wangu ukaruka mfukoni. Kichocheo kinachofanana na kile cha kwanza nacho huamsha tabia ileile.

Kwa hivyo jaribu hivi. Chagua tabia moja inayokutesa, iwe kubeti, sigara au kumpigia ex usiku wa manane. Kwa siku tatu, andika kilichotokea kabla tu hujaifanya: saa ngapi, wapi, na nani, sauti gani. Usijilaumu, andika tu.

Ukishaijua taa yako iko wapi, angalau utajua pa kuizimia.