Sumu ya mahindi: Funzo la Kitui na Makueni tangu mkasa wa 2004

KUANZIA mwezi wa Aprili mwaka 2004, hospitali za Makueni na Kitui, mashariki mwa Kenya, zilianza kupokea wagonjwa wenye macho ya manjano, maumivu ya tumbo na miguu iliyovimba. Maini yao yalikuwa yameharibika. Kufikia Julai 20 mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kati yao walikuwa wamefariki.

Chanzo cha vifo hivyo kilikuwa mahindi, chakula cha kila siku cha familia hizo. Yalikuwa yameingiwa na aflatoksini, sumu ambayo nchini Tanzania huitwa sumukuvu. Wengi wa waathiriwa walitoka Makueni na Kitui, na wengine katika wilaya jirani za Machakos na Thika.

Mkasa huo ni miongoni mwa mibaya zaidi ya aina yake kuwahi kurekodiwa duniani. Zaidi ya miaka 20 baadaye, yaliyogunduliwa wakati huo bado ndiyo msingi wa ushauri wanaopewa wakulima.

Sumu isiyoonekana

Aflatoksini hutengenezwa na kuvu, hasa ile iitwayo Aspergillus flavus, ambayo huishi udongoni na kushambulia mahindi, njugu karanga na mtama. Mmea ulionyaukia shambani kwa ukame hushambuliwa kwa urahisi, na nafaka ikihifadhiwa kabla ya kukauka, kuvu huendelea kustawi ndani ya gunia.

Sumu yenyewe haionekani kwa macho wala haina harufu, na moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi. Punje iliyooza hutupwa, lakini punje inayoonekana safi yaweza pia kuwa na sumu.

Ulimwengu uliitambua sumu hii baada ya mwaka 1960, pale zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya njugu. Nchini Kenya, onyo lilitolewa mapema: mwaka 1981 watu 20 waliugua katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, na 12 wakafariki.

Anayekula kiasi kikubwa kwa muda mfupi huweza kufa ini likishindwa kufanya kazi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hukabiliwa na hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B. Sumu hii imehusishwa pia na kudumaa kwa watoto.

Watafiti walipata nini

Wizara ya Afya ilishirikiana na wataalamu wa kituo cha CDC cha Marekani pamoja na mashirika mengine kutafuta chanzo. Walilinganisha wagonjwa 40 na watu 80 waliokuwa wazima. Walioathirika walikuwa na sumu nyingi zaidi katika mahindi yao na katika damu, na aghalabu walikuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba za kulala.

Wakati huo kiwango cha juu kilichoruhusiwa kilikuwa maikrogramu 20 za sumu kwa kila kilo. Kati ya sampuli 350 zilizochukuliwa masokoni, asilimia 55 zilizidi kiwango hicho, na asilimia 7 zilipita maikrogramu 1,000. Hivyo hata aliyetupa mahindi yake na kwenda sokoni hakuwa na hakika ya usalama.

Baadaye Kenya ilipunguza kiwango hicho hadi maikrogramu 10. Kwa gunia la kilo 90, hiyo ni sumu isiyofika miligramu moja.

Elimu kwa mkulima

Ushauri wa wataalamu ni mwepesi kueleza. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au jukwaa, yasiguse udongo. Yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Punje zilizovunjika au kuota ukungu zitengwe. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali penye hewa.

Asiye na kipimo anaweza kutumia chumvi. Punje hutiwa ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu, kisha chupa hutikiswa na kuachwa itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi.

Mapishi ya Wakamba nayo yamechunguzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kukoboa mahindi kutengeneza muthokoi kulipunguza sumu kwa karibu nusu kwa wastani, na kuloweka na kuchemsha kwa magadi kukaipunguza zaidi. Hata hivyo, hiyo si tiba ya mahindi mabovu. Mahindi yenye maikrogramu 4,400 kwa kilo, kama baadhi ya yaliyopatikana mwaka 2004, yakipungua kwa nusu hubaki na 2,200.

Kuwapa ng'ombe mahindi hayo pia hakuondoi hatari, kwa kuwa sehemu ya sumu hurudi kwa binadamu kupitia maziwa.

Msaada nao wahitajika

Elimu peke yake haikutosha mwaka 2004. Mavuno yalikuwa haba, na mvua ilinyesha wakati wa kuvuna. Wenye mahindi walihofia wezi, wakayaingiza nyumbani yakiwa mabichi. Mwenye njaa hana miiko. Kumwambia mzazi atupe gunia la pekee bila kumpa jingine ni kumtaka achague kati ya sumu na njaa. Ndiyo maana serikali ililazimika kugawa chakula badala ya mahindi yaliyoshukiwa. Hata hivyo, ugonjwa ulirejea eneo hilo mwaka 2005 na 2006.

Hatua nyingine huanzia shambani. Mwaka 2015 Kenya iliidhinisha Aflasafe KE01, dawa yenye kuvu isiyotengeneza sumu, ambayo hunyunyizwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua ili iizidi nguvu kuvu yenye sumu. Shirika la utafiti wa kilimo la KALRO huitengeneza Katumani, Machakos. Yapo pia magunia yasiyopitisha hewa, na Bodi ya Nafaka na Mazao hukausha mahindi kwa malipo.

Vyote hivyo vina gharama, na mkulima mwenye magunia machache ndiye huhesabu kila shilingi. Mvua ikinyesha wakati wa mavuno, turubai moja kavu na mahali salama pa kuhifadhi nafaka vyaweza kuokoa nyumba nzima, ilmradi vifike kabla ya mahindi kuingizwa ndani.