Somo la Redio: Fidia Waliyoikataa Wameru

Leo hatutasoma habari za mbolea. Tutasoma neno moja, nalo ni fidia. Liandikeni: fi-di-a.

Fidia ni mali anayopewa mtu badala ya kitu chake kilichoharibiwa au kuchukuliwa. Gari likimgonga ng'ombe wako, na mwenye gari akakulipa, hiyo ni fidia. Ukiisha kuipokea, shauri limekwisha. Yashikeni maneno hayo, maana ndiyo kiini cha habari yetu.

Ninyi wa Nduruma mnauona Mlima Meru kila asubuhi. Upande wa pili wa mlima, kaskazini mashariki, kuna mahali paitwapo Engare Nanyuki. Ni jina la Kimasai, maana yake maji mekundu. Wameru walikuwa wakilima na kulisha ng'ombe huko. Siku hizo Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini: Uingereza iliitawala, na Umoja wa Mataifa uliisimamia. Mdhamini ni mtu aliyewekewa amana. Yeye si mwenye mali. Wameru walilijua jambo hilo vizuri, kama mtakavyoona.

Baada ya vita vya pili, serikali ilimweka Jaji Mark Wilson achunguze mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Yeye alishauri kwamba nchi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro iwe ya Wazungu watupu, wafuge ng'ombe, na Wameru waliokuwa katikati wahamishwe. Wameru wakaambiwa waende King'ori, nao watalipwa fidia. Wao walijibu kuwa King'ori ni nchi ya joto, haiwafai wao wala mifugo yao.

Hapa twende polepole. Mtu mwenye akili angeweza kusema: "Serikali ina askari na bunduki. Nikikubali au nikikataa, nitaondoka. Basi na nipokee fedha, niwajengee watoto nyumba." Hayo si maneno ya mpumbavu. Lakini Wameru walizikataa fedha. Kwao, kupokea ni kuuza. Mtu aliyenyang'anywa, akipokea bei, amekiri kwa mkono wake kwamba aliuza, na jambo hilo si kweli. Serikali ingeweza kuitwaa ardhi pasipo idhini yao, lakini idhini yenyewe haikuweza kuitwaa. Wala hawakushika silaha. Walikaa katika nyumba zao wakangoja.

Tarehe 17 Novemba, 1951, kazi ya kuwahamisha ilianza. Askari waliwatoa watu, nyumba zikachomwa moto, ng'ombe wakaswagwa. Watu wapata 3,000 waliondolewa. Wengi hawakwenda King'ori hata hivyo. Walikwenda kubanana kwa ndugu zao mlimani. Mtu aliyepata kukaribisha jamaa ya watu kumi katika nyumba ya watu watano anajua kwamba kukataa kule kulikuwa na gharama kila siku, hata kwa wale wasioulizwa, yaani watoto.

Sasa wakakumbuka habari ya amana. Walichanga fedha zao wenyewe, wakamchagua Kirilo Japhet aende New York mwaka 1952 kuushitaki uamuzi ule mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliyemsaidia ni Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Baraza la Udhamini lilisikitikia jambo lililotendeka. Mwishoni mwa mwaka ule, Kamati ya Nne ilikubali azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi. Lakini katika Baraza Kuu azimio lilihitaji theluthi mbili za kura. (Hesabu kidogo: wanaopiga kura wakiwa 60, lazima 40 wakubali.) Kura hazikutosha.

Kirilo akarudi bila ardhi. Hata hivyo alizungumza na watu wa sehemu nyingine za Tanganyika, na shauri la Wameru likajulikana mbali na Arusha, hata kabla ya TANU kuundwa mwaka 1954. Mwaka 1967 yeye na Seaton walitoa kitabu juu ya shauri hilo. Na ardhi ya Engare Nanyuki? Mashamba yale ya Wazungu hayakudumu, na Wameru walirudi kulima huko.

Sasa zimeni redio, mzungumze. Mmoja wenu awe baba wa watoto wanne, anataka kupokea fidia. Mwingine awe mzee wa ukoo, anakataa. Msiwakatize kabla hawajamaliza. Kisha kila mwanafunzi aandike sentensi tatu zenye neno fidia.

Juma lijalo tutajifunza namna ya kuandika barua ya malalamiko kwa ofisi ya serikali. Leteni karatasi yenye mistari na kalamu ya wino. Kwaherini.