Programu za malipo zijaribiwe pia kwa majibu yasiyofika

MFANYABIASHARA wa Urambo, mkoani Tabora, anayelipa ada ya halmashauri huhitaji kwanza kumbukumbu namba ya malipo. Namba hiyo haitungwi na kompyuta ya karani. Programu huiomba kwa mfumo wa malipo wa Serikali, GePG, ulioanza kazi mwaka 2017.

Hapo ndipo penye ugumu. Mtengenezaji wa programu akiijaribu kwa maombi halisi, jaribio likishindwa hatajua kama kosa ni lake au ni la mtandao. Kwa sababu hiyo wataalamu huweka mfumo wa bandia unaorudisha majibu yaliyoandaliwa: namba sahihi, kukataliwa, au kimya.

Kimya ndicho husahauliwa zaidi. Ombi laweza kufika salama, jibu likapotea njiani. Programu ikilituma tena kama ombi jipya, deni moja huzaa ankara mbili. Jaribio lithibitishe kuwa ombi linaporudiwa hubeba utambulisho uleule.

Majibu ya bandia nayo huchakaa. Mfumo wa mbali ukibadili muundo wa majibu yake, majaribio yote yatafaulu huku mlipaji akikwama dirishani.