Kabla ya Kuchomelea, Kijue Chuma Chako

Leo ukurasa huu unaingia gereji. Huenda mwenzangu mmoja akauliza, utamaduni na moshi wa gari vina udugu gani? Jawabu ni jepesi. Uhunzi ni sanaa yetu ya tangu na tangu, wala haukufa. Umetoka kwenye mvukuto na fuawe, ukahamia kwenye mashine ya kuchomelea. Mhunzi wa kale hakuinua nyundo kabla hajakijua chuma alichokishika, na fundi wa leo ana wajibu uo huo.

Nalizungumza hili kwa sababu ya mpwa wangu. Ana pikapu kuukuu ya dizeli inayopeleka nazi na maembe Nairobi, na ndiyo inayowalisha wanawe. Mwaka huu alitaka kuitia turbo.

Chombo hicho si kipya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alikipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1905. Moshi unaotoka katika injini husukuma gurudumu dogo, nalo huzungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Apandaye kutoka Mombasa hadi Nairobi hupanda zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na huko juu hewa imepungua uzito kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Injini isiyo na turbo huhema mlimani kama mzee mwenye pumu.

Tatizo ni manifoldi, yaani lile bomba lenye matawi linalokusanya moshi wa silinda zote na kuufikisha kwenye turbo. Kwa injini za zamani, ya kununua ni adimu au bei yake haishikiki. Ndipo watu hujitengenezea wenyewe. Lakini kwa chuma gani?

Tulikwenda kwa fundi mmoja huko Changamwe. Mpwa wangu hakunichukua kwa kuwa najua vyuma. Alinichukua kwa kuwa kazi yangu ya miaka mingi ni kuuliza. Fundi alitupangia vipande vinne juu ya meza yake.

Cha kwanza kilikuwa chuma cha kusubu, ambacho huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Manifoldi nyingi zitokazo viwandani ni za chuma hicho. Ni kizito, chastahimili joto, na hakipindi upesi. Shida yake ni kukiunga. Kina kaboni nyingi, na kikichomelewa bila ya kupashwa moto kwanza na kuachwa kipoe polepole, hupasuka kandokando ya kiungo. Asiye na tanuri wala vijiti vya nikeli na akiache.

Cha pili kilikuwa paipu nyeupe ya maji, iliyopakwa zinki. Ni rahisi, na kila duka la vifaa inauzwa. Mpwa wangu akainyoshea mkono. Fundi akaisogeza kando.

"Hiyo iweke mbali, ndugu yangu," alisema. "Mimi nimeilalia kitandani homa yake."

Zinki huyeyuka kwenye digrii 420 za Selsiasi na huchemka kwenye digrii 907, na moto wa kuchomelea unapita hapo mara kadhaa. Mvuke wake ukivutwa kifuani, saa chache baadaye mtu hutetemeka kwa homa na baridi, na mdomoni huhisi ladha ya chuma. Mafundi wengi huamini kwamba kunywa maziwa hukinga. Hayakingi. Kinga ni kutoitumia paipu hiyo kabisa.

Cha tatu ndicho kilichomtoa kijana macho: bomba la stenlesi linalong'aa, lililong'olewa katika ngazi za hoteli. Fundi akachukua sumaku ya spika ya redio mbovu, akaigusisha. Haikunata.

"Basi hiyo ni safi," mpwa wangu akasema.

"Bado," fundi akajibu. "Sumaku haisomi namba."

Akatufafanulia. Stenlesi iitwayo 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, na kwa kawaida sumaku haiishiki. Lakini iko nyingine, 201, iliyopunguzwa nikeli, nayo sumaku haiishiki vilevile. Tena iko 409, ambayo viwanda huitumia sana kwa mabomba ya ekzosi. Hiyo ni stenlesi, na sumaku huinata barabara. Kwa hiyo mwenye kununua chakavu kwa sumaku peke yake anabahatisha.

Zaidi ya hayo, bomba lile lilikuwa na unene wa milimita moja u nusu. Lilitengenezwa lishikwe na mkono wa mgeni, si kubeba turbo yenye uzito wa kilo kadhaa inayotikisika njia nzima. Na stenlesi ya 304 ina tabia ya kufura. Bomba la sentimita 40 likipanda joto kwa digrii 700, chuma cheusi hurefuka karibu milimita 4. Stenlesi hiyo hurefuka kama milimita 5. Likipoa, hurudi. Kila safari ni kwenda na kurudi, na ufa huanzia kwenye kiungo. Hata kuichomelea kwataka gesi ya agoni ipitishwe pia ndani ya bomba, la sivyo upande wa ndani huungua na kufanya makokoto. Wenye magari ya mashindano hutumia aina ya 321, iliyotiwa titaniamu. Hiyo ni nzuri kweli, na bei yake ni ya mashindano.

Kikabaki cha nne, paipu nyeusi nzito ya mvuke, ya inchi moja u nusu. Upana wake wa nje ni milimita 48.3 na unene milimita 3.7, na kona zake za kuchomelea hupatikana. Haina uzuri wa kutazamwa. Joto likipita digrii 500 na kitu, huanza kuambaa magamba, na kutu huipenda. Lakini ni nene, huungika vizuri, na moshi wa dizeli kwa kawaida hauna ukali wa moshi wa petroli, ambao waweza kupita digrii 850.

Mpwa wangu aliichagua hiyo, shingo upande. Fundi naye alitoa masharti yake. Bamba la kufungia kwenye injini liwe na unene wa milimita 12, lifungwe kwa bolti wakati wa kuchomelea lisipinde, kisha likatwe baina ya matundu ili kila tawi lipate nafasi ya kufura. Turbo iwekewe mkono wa kuishikilia, isining'inie kwenye paipu. Ndani kusafishwe mpaka pasibaki hata tone la chuma, maana gurudumu la turbo ndogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na punje moja yatosha kulivunja. Wala paipu isiviringwe kitambaa cha kuzuia joto, kwani chuma cheusi kikifunikwa huliwa upesi. Na baada ya safari chache za mwanzo, bolti zikazwe tena na kila kiungo kimulikwe tochi.

Basi msomaji, siku utakapotengenezewa kitu kama hiki, kabla ya kuuliza bei, muulize fundi wako: paipu hii ilikuwa ya kazi gani kabla haijafika hapa? Fundi mwema hachukii kuulizwa. Na asiyejua jawabu, mwombe azime mashine kwanza.