Darubini ya mtoto: badilisha kichujio kwanza

Mawingu yakiachia Mlima Meru usiku, familia ya Arusha yenye darubini ndogo huona mashimo ya mwezini bila kununua kifaa kingine. Hatari ipo mchana.

Darubini nyingi za zamani zina kichujio cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya kuchungulia, mahali joto linapokusanyika. Kikipasuka, mwanga huunguza retina mara moja. Retina haihisi maumivu, hivyo mtoto hatalia.

Kabla ya kununua lenzi ya kukuza zaidi, mzazi atupe kichujio hicho na kununua kinachofunika mdomo wote wa mbele. Agosti 2, 2027 jua litapatwa kwa sehemu Arusha, na watoto watataka kuchungulia.